Baiskeli ya milimani ya 2008: niiboreshe au ninunue nyingine?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, toleo la 2008. Fremu ni ya alumini, magurudumu ni ya inchi 26, na gia ni 27: sproketi tatu mbele, tisa nyuma. Nikiiacha usiku kucha, asubuhi nakuta shokapu ya nyuma imeishiwa upepo. Nikikanyaga pedali kupanda kilima, nyuma panalia, na breki za mafuta zinapiga kelele. Rafiki yangu mwendeshaji amenishauri ninunue foki mpya iliyo ndefu zaidi, magurudumu ya inchi 27.5 na gia 12 za kisasa. Fremu bado naipenda. Je, niingie gharama hizo au nianze kuweka akiba ya baiskeli nyingine?

JIBU: Rafiki yako amekutajia vitu vitatu vya bei kubwa kuliko vyote, na huenda viwili kati yake visikae sawasawa kwenye fremu yako. Na hata ukivinunua vyote, shokapu itaendelea kuishiwa upepo, nyuma kutaendelea kulia, na breki nazo hazitanyamaza. Una baiskeli inayodai matengenezo. Anza na hayo, mambo ya kuboresha tutayafikia.

Kabla ya kutoa hata senti moja, kagua fremu. Ioshe, ikauke, kisha uipitie kwa tochi kwenye sehemu zote zilizochomelewa: pale bomba la chini linapokutana na bomba la mbele (lile linalopitisha shina la foki), kuzunguka maungio ya mkono wa nyuma (sehemu ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka), zinaposhikwa ncha za shokapu, na juu ya bomba la kiti. Unatafuta mstari mwembamba mweusi kwenye rangi. Ufute kwa kitambaa chenye spiriti, uendeshe kidogo, uangalie tena. Mstari ukirudi palepale, huo ni ufa. Alumini huchoka kadiri inavyobebeshwa mzigo na kupumzishwa, hata kama mzigo wenyewe si mkubwa, na fremu ya umri huo imeshabeba mengi. Usikubali kuchomelewa ufa kienyeji. Alumini za fremu kama 6061 hupoteza nguvu pale moto ulipopita, na nguvu hiyo hairudi mpaka fremu nzima ipitishwe upya kwenye joto maalumu kiwandani. Ukikuta ufa, swali lako limejibika: anza kuweka akiba.

Tuseme fremu ni nzima. Shika kiti, kiinue taratibu huku gurudumu la nyuma likiwa bado linagusa ardhi. Kama kuna mshituko mdogo kabla gurudumu halijanyanyuka, kuna kitu kinacheza. Mwenzako aweke vidole kwenye kila ungio kwa zamu, utajua ni wapi. Mara nyingi mkosaji wa kwanza ni bushi za ncha za shokapu. Ni vitu vidogo, vya bei ndogo, na watu huvisahau kabisa. Baada ya hapo fungua shokapu upande mmoja, uupandishe na kuushusha mkono wa nyuma kwa mkono wako. Mkono huo wa fremu unapaswa kwenda laini bila kukwaruza. Ukikwaruza, beringi zimekwisha.

Beringi zenyewe zisikutishe. Fremu nyingi za miaka ile zinatumia saizi za kawaida za viwandani, na namba huwa imeandikwa kwenye kifuniko cha mpira: 6902, kwa mfano, ni shimo la milimita 15, kipenyo cha nje 28, unene 7. Muuzaji yeyote wa beringi anaielewa namba hiyo, hahitaji kujua kama ni ya baiskeli au ya mashine ya kusaga. Ukipata chaguo, chukua zile zilizojazwa gololi bila kizimba cha kuzitenganisha. Beringi ya fremu haizunguki, inakwenda nyuzi chache tu na kurudi, kwa hiyo gololi zilezile hugonga mahali palepale mpaka pachimbike. Gololi zikiwa nyingi, mzigo unagawanyika. Kinachoweza kukwamisha ni bolti na pini za maungio ambazo ni za fremu hiyo peke yake, na kile kipande kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Hakikisha vinapatikana kabla hujaingia gharama nyingine, maana kikikatika na hakuna mbadala, baiskeli imelala.

Sasa shokapu. Kuishiwa upepo usiku kucha maana yake sili za chemba ya hewa zimechakaa. Hilo ni jambo la kawaida. Baadhi ya watengenezaji hutaka chemba ya hewa ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, na nina wasiwasi yako haijafunguliwa kwa miaka. Seti ya sili na mafuta kidogo inatosha. Tahadhari moja: usiipime kwa kufunga pampu jioni na kuifunga tena asubuhi ukalinganisha namba. Mpira wa pampu wenyewe hunywa hewa kidogo kutoka kwenye shokapu kila unapoufunga, kwa hiyo kipimo kitaonekana kimeshuka hata pasipo uvujaji. Panda juu ukiwa na mavazi yako ya safari, uangalie inazama kiasi gani kwa uzito wako. Asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shokapu (umbali wote inaoweza kubonyea) inatosha, yaani kwa shokapu yenye mwendo wa milimita 50, milimita 12 hadi 15. Jambo lingine kabisa ni shokapu iliyoshuka ikakataa kurudi juu ingawa ndani kuna upepo. Hiyo ina hewa iliyonaswa upande usiotakiwa na inaweza kuruka kwa nguvu ukiifungua, kwa hiyo mpelekee mwenye vifaa vyake. Ukiona mafuta kwenye fimbo au ukisikia mlio wa majimaji unapoikandamiza, sehemu ya mafuta nayo inahitaji kazi.

Ikibidi kununua shokapu nyingine, pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, na mwendo wake. Fremu za wakati wako hutumia vipimo vya zamani kama milimita 190 kwa 50 au 200 kwa 57. Baadaye vikaja vipimo vipya, kama 210 kwa 50, ambavyo havibadilishani na hivyo. Shokapu yenye mwendo mrefu kuliko ule uliokusudiwa inaweza kuleta gurudumu kwenye bomba la kiti siku utakapotua vibaya.

Breki hazina mengi. Kelele hutokana na pedi zilizolowa mafuta au zilizong'aa kama kioo. Weka pedi mpya, safisha diski kwa spiriti, na pima unene wake. Diski nyingi za Shimano zimeandikwa zisipungue milimita 1.5. Toa hewa kwenye mafuta, na usichanganye kamwe mafuta ya DOT na yale ya madini, kwa sababu sili za mfumo mmoja huharibiwa na mafuta ya mwingine.

Tuje kwenye foki, ambapo ndipo fedha nyingi hupotea. Foki ya baiskeli ya 2008 kwa kawaida ina shina (bomba la juu linaloingia kwenye fremu) lililonyooka la inchi moja na moja ya nane, milimita 28.6. Karibu foki zote nzuri zinazotengenezwa leo zina shina linalotanuka hadi inchi moja na nusu chini, na ekseli ya kupenya ya milimita 15 badala ya ile ya kufunga kwa wenzo. Pima tundu la bomba la mbele la fremu kwa venia (kipimo cha taya cha mafundi) baada ya kutoa hedseti, yaani beringi na vikombe vinavyoshika shina la foki. Likiwa na milimita 44, foki inayotanuka inaweza kuingia kwa hedseti yenye kikombe cha nje chini. Likiwa na 34, haiingii, na hakuna adapta itakayosaidia. Kisha ekseli mpya inataka habu (kitovu cha gurudumu) mpya, habu inataka gurudumu jipya, na umeshanunua nusu ya baiskeli bila kuligusa tatizo lolote uliloniandikia.

Kuhusu foki ndefu, kila milimita 20 zinazoongezeka mbele hulaza pembe ya usukani kwa takribani nyuzi moja. Kutoka foki yenye mwendo wa milimita 120 kwenda 140 utaliona badiliko zuri kwenye mteremko. Kwenye mlima gurudumu la mbele litaanza kutangatanga, na ungio la bomba la mbele, lile nililokuambia ulikague kwa tochi, litavutwa kwa nguvu ambayo halikuundiwa. Mimi nisingezidisha urefu ulioruhusiwa na mtengenezaji wa fremu. Fungua foki uliyonayo, badilisha sili na mafuta, kisha pitisha ukucha kwenye mirija inayong'aa. Ukucha usipokwama popote na rangi ya juu ikiwa haijachubuka, foki hiyo bado ina maisha.

Magurudumu ya 27.5, hapana. Rimu ya 26 ina kipenyo cha milimita 559, ya 27.5 ni 584. Tofauti ya 25 maana yake gurudumu linasogea juu kwa milimita 12.5 kila upande. Ukisukuma baiskeli uani litaonekana limekaa vizuri kabisa. Toa upepo wote kwenye foki na shokapu, kandamiza mpaka mwisho, ndipo uone nafasi iliyobaki. Tairi ikigusa sehemu ya juu inayounganisha miguu ya foki wakati uko kwenye kasi, gurudumu litakwama ghafla nawe utaruka mbele. Tairi za 26 bado zinatengenezwa, ingawa chaguo limepungua.

Gia ndilo pendekezo lenye mantiki kidogo, ila namba 12 ndiyo kosa. Kaseti (seti ya sproketi za nyuma) nyingi za gia 12 zina sproketi ndogo ya meno 10, ambayo haikai kwenye habu yako. Habu yako hupokea gia 9, 10 na hata 11 za milimani za Shimano bila kubadilisha chochote. Piga hesabu: sproketi ndogo ya mbele yenye meno 22 na kubwa ya nyuma yenye 34 inakupa 0.65, yaani gurudumu linazunguka mara 0.65 kwa kila mzunguko wa pedali. Sproketi moja ya 30 mbele na kaseti ya gia 10 ya meno 11 hadi 46 inakupa hiyohiyo 0.65. Kupanda hupotezi kitu. Unachopoteza ni kasi ya juu kwenye barabara tambarare, kutoka 4.0 ya 44 kwa 11 hadi 2.7. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: wabunifu wengi wa wakati ule walipanga maungio ya nyuma wakifikiria sproketi ya kati ya meno 32, kwa hiyo ukibaki kwenye 30 au 32, baiskeli haidundi sana unapokanyaga. Lakini kama kaseti na mnyororo wako havijaisha, subiri viishe.

Kinachobaki ndicho ninachokipenda. Tairi mpya pana zenye mpira laini mbele, ukizitumia tyubulesi (bila mpira wa ndani) kama rimu zinaruhusu, zitaibadilisha baiskeli hii kuliko foki yoyote. Shingo fupi ya usukani, ya milimita 50 au 60 badala ya 90 au 100, pamoja na usukani wa upana wa 740 au zaidi, vinakupa utulivu kwenye mteremko. Jaribu kwanza, kwa sababu fremu za wakati ule ni fupi. Magoti yakianza kukaribia usukani unaposimama juu ya pedali, umefupisha mno. Urefu huo wa fremu ndio usionunulika. Pembe ya usukani ya nyuzi 69 unaweza kuilaza kwa hedseti maalumu kwa nyuzi moja au mbili, lakini hutaifikia 65 ya baiskeli za leo, na nafasi kati ya kiti na usukani itabaki ileile.

Kwa hiyo andika gharama za sili, beringi, bushi, pedi na tairi. Zikizidi nusu ya bei ya baiskeli iliyotumika yenye shina la kutanuka na habu ya nyuma ya milimita 148, mimi ningeweka akiba. Zisipofika hapo, tengeneza uendeshe. Ukitaka kuongeza kitu juu ya hapo, chagua kile utakachokihamisha: pedali, breki, usukani, au nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe. Hiyo nguzo ichague yenye waya wa nje, kwa sababu fremu yako pengine haina tundu la kuupitisha ndani, na upime kwanza bomba la kiti limenyooka kina gani. Kipenyo nacho usikibahatishe. Nguzo ya milimita 30.9 inaingia kwenye fremu ya 31.6 kwa kuwekewa kipande cha bati la kujazia, ila ya 31.6 haitaingia kamwe kwenye 30.9.