Mkate Kwanza, Mahubiri Baadaye

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza Mkristo afanye nini ili imani isizimike, mambo yakimnyookea na yakimwendea kombo. Kwangu jibu limo katika 1 Wafalme 18 na 19. Sura hizo zisomwe pamoja, maana wengi wetu tukishauona moto wa mlima Karmeli tunafunga Biblia.

Nabii Eliya aliomba huko Karmeli, moto ukashuka, mvua ikanyesha. Jioni hiyohiyo akapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu hadi mji wa Yezreeli. Kisha ujumbe mmoja wa Yezebeli, mke wa Ahabu, wa kumtishia kifo, ukamkimbiza mpaka Beer-sheba, zaidi ya kilomita 100 kusini. Akamwacha mtumishi wake hapo, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe. Hakuwa amepoteza imani, kwani aliyemwomba kifo ni Mungu yuleyule. Alikuwa amechoka, ana njaa, ana hofu, na yuko peke yake.

Tazama alivyohudumiwa. Aliachwa alale. Malaika akamgusa, na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mpaka hapo hajahubiriwa hata neno moja. Ndiyo maana inaniuma sana mtu aliyedhoofika kwa msiba anapoambiwa afunge kavu, bila chakula wala maji, siku 3 ili "avunje" huzuni. Mfungo una wakati wake. Huyu mpelekeeni uji wa moto kwenye chupa ya chai, shikeni watoto wake alasiri moja ili alale, ombeni kwa ufupi, ondokeni.

Na mkiketi naye, sikilizeni. Kule mlima Horebu, alikofika baadaye, Mungu alimuuliza Eliya swali lilelile mara mbili, naye akajibu yaleyale mara mbili, wala hakukemewa kwa kurudia. Marafiki wa Ayubu nao walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, kimya. Waliharibu walipoanza kumtafutia dhambi. Baada ya kusikilizwa, Eliya alipewa kazi: awapake mafuta Hazaeli na Yehu wawe wafalme, na Elisha awe nabii, na Elisha akawa mwenzake wa safari.

Mtu akikosa maneno ya kuomba, achukue Zaburi 13. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara 4. Miwili inayofuata inaomba. Miwili ya mwisho inamtumaini Mungu. Aandike yake kwa mpangilio huo, shida aitaje kwa jina lake: ada, ndoa, kipimo cha hospitali. Akikwama kwenye "hata lini", aishie hapo siku hiyo. Zaburi 88 yenyewe inaishia gizani, na bado ni sala. Lakini huzuni ikizidi wiki 2, naye hali chakula wala halali usingizi, apelekwe pia hospitali. Na akianza kutamani kufa, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Upande wa raha tunauzembea, ilhali Kumbukumbu la Torati 8 inaonya juu ya siku ya kushiba, nyumba zikiwa nzuri na fedha zikiongezeka. Kinachoanza kuponyoka ni vitu vidogo: sala ya asubuhi, kisha jumuiya, kisha Jumapili yenyewe. Wekeni kiwango cha chini ambacho hakishuki hata siku ya harusi: zaburi moja na Baba Yetu, mahali palepale, dakika 5. Furaha isiwasukume kuweka nadhiri kubwa mbele ya kanisa, kwa sababu Mhubiri 5 inasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Afadhali daftari: tarehe, Mungu alichotenda, na mtu aliyemtumia. Mistari 3 inatosha. Hiyo ndiyo akiba ya kusoma siku mbaya, kama mwandishi wa Zaburi 77 anavyojilazimisha kuyakumbuka matendo ya kale usiku asioweza kulala.

Jambo la mwisho ni yule mtumishi aliyeachwa Beer-sheba: kwa kumwacha nyuma, Eliya alibaki bila mtu wa kumtazama. Mchagueni mtu wenu sasa, mkiwa wazima, mmwambie wazi: nisipoonekana ibadani Jumapili 2, usinitumie ujumbe, njoo ubishe hodi.