Msuli unacheza, msimu umegeuka

Maswali ya misuli kucheza yenyewe yameongezeka. Nimechukua manne.

"Daktari, kila Septemba na Oktoba shavu la mguu linarukaruka nikishaegesha pikipiki. Joto limeingia kwenye mishipa?" (Bodaboda, Isevya)

Hapana. Hiyo miezi Tabora inawaka, unatoka jasho kutwa, na jasho linaondoka na maji na chumvi ambavyo msuli unavitegemea. Ila nikuulize: unakunywa makopo mangapi ya kuongeza nguvu ili usisinzie? Kafeini inachokoza neva. Yaache wiki mbili, kunywa maji kabla ya kiu, na ulale. Unauhisi ukishaegesha kwa sababu ukiwa barabarani akili iko kwingine.

"Mvua zikikolea tukachuma tumbaku, mikono inacheza na kichwa kinazunguka. Mzee anasema ni malaria." (Mkulima, Urambo)

Kapime, zahanati wana kipimo cha haraka. Lakini mimi nalishuku jani. Nikotini hupenya ngozi, na jani lililolowa mvua au umande huitoa kwa urahisi. Shati likilowa asubuhi, baadaye unatapika, unasikia kizunguzungu na kutetemeka, hata kama hujawahi kuvuta sigara. Subirini majani yakauke, vaeni glavu na mikono mirefu, nguo iliyolowa ivuliwe, mwoge kwa sabuni. Watoto wasiingie shambani wakati huo. Sisemi hili kwa utani.

Kisha kuna dawa za wadudu. Misuli ikicheza baada ya kupuliza, na jasho jingi, mate, machozi au kifua kubana, hiyo ni sumu. Vua nguo, jioshe kwa sabuni, wahi hospitali na chupa ya dawa yenye maandishi yake. Usipoteze muda kutafuta maziwa.

"Juni baridi ikija kope inacheza. Nitapata mgeni au nitalia?" (Bibi, Nzega)

Shikamoo bibi. Mgeni akija, mkaribishe. Kope ni uchovu, usingizi haba, upepo mkavu na vumbi. Ikidumu wiki kadhaa, au upande wa uso ukivutwa, mwone mtaalamu wa macho.

"Ninayo miaka mingi, ikizidi msimu wa mvua na kupungua kiangazi. Naogopa ugonjwa mbaya." (Mwalimu, Sikonge)

Kucheza kwa miaka mingi bila nguvu kupungua mara nyingi hakuna madhara, na hofu yenyewe huongeza. Usiilaumu mvua kabla hujaandika kwa miezi kadhaa: usingizi, chai, kazi za shamba, siku za kuharisha. Kama unatumia vidonge vya presha vinavyokojoza au dawa ya pumu, mwulize aliyekuandikia, usiviache mwenyewe. Aangalie pia madini ya damu na tezi ya shingo. Nenda mapema mkono ukilegea, msuli ukinywea, ulimi ukiwa mzito au chakula kikikupalia.