Kabla ya kuogopa vibaka, mwogope ajenti

Dada, umeuliza kama mwanamke peke yake atakuwa salama akienda kufundisha Kiingereza Asia, na umetaja kwamba ajenti anataka uingie China kwa viza ya utalii, "karatasi zitafuata". Mimi hapo ndipo ninapoona hatari, kuliko hao vibaka unaowawaza.

Mwalimu huingia China kwa viza ya Z, yaani ya kazi, kisha hupata kibali cha kazi na cha ukaazi. Bila hivyo, sheria inataja faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito, kizuizini siku 5 hadi 15. Atakayeingia ni wewe. Ajenti atakuwa keshazima simu. Halafu mwajiri akikunyima mshahara, utamshtaki vipi na wewe mwenyewe huna kibali?

Kuna mtego mbaya zaidi: kazi ya Thailand, mshahara mnono, usaili wa dakika chache, tiketi juu yao. Watu wamepokelewa Bangkok, wakapelekwa Mae Sot, mji wa mpakani, na kuvushwa mto hadi Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Gari likiacha njia uliyoambiwa, shuka penye watu.

Dai mkataba kabla ya tiketi. Tafuta mwenyewe mwalimu aliyewahi kufundisha shule hiyo, asiwe wa kuletewa na ajenti. Pasipoti ikae kwako.

Pikipiki nazo! Ukiendesha bila leseni inayotambulika kule, bima inaweza kukataa kulipia matibabu.

Huyo ajenti mjibu leo: viza ya Z au basi.