Maswali ya Wasomaji: Kunawa bila bomba, madoa ya meno, shabu, na upele wa bweni

Barua nyingi tunazopata kuhusu usafi zinatoka kwa watu wasafi. Wanasugua, wanachubua, wanamimina dawa, na bado tatizo halitoki kwa sababu lipo mahali pengine: kwenye maji waliyochangia watu kumi, kwenye jino lililoharibika kabla halijachomoza, au kwenye blanketi la jirani. Tumejibu barua sita, nyingine kwa kirefu kuliko nyingine.

Nina kibanda cha mama lishe karibu na stendi. Bomba liko mbali, kwa hiyo wateja wananawa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu niliyotia dawa ya kuua vijidudu. Bwana afya amepita akasema beseni sitaki kuliona tena. Kosa liko wapi, na maji yana dawa?
*Mama lishe, Morogoro*

Mama, bwana afya yuko sahihi. Mteja wa kwanza ananawa maji, wa nane ananawa mikono ya wenzake saba. Dawa uliyotia inaishiwa nguvu ikikutana na mafuta na mabaki ya chakula, tena inahitaji muda ambao hakuna mteja mwenye njaa atakaoupa. Uvuguvugu nao unalainisha mafuta tu. Maji ya moto wa kuua vijidudu yangembabua mtu. Kinachoondoa uchafu ni sabuni, kusugua, na maji yanayotiririka yakaenda zake bila kurudi kwa mtu mwingine.

Nunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, pamoja na koki ya plastiki. Tundu la koki liwe kama sentimita 5 juu ya kitako cha ndoo, ili mchanga unaotuama usizibe koki. Litoboe kwa chuma kilichopashwa moto, chembamba kuliko shingo ya koki, kisha lipanue kidogo kidogo kwa kisu huku ukijaribisha. Ndoo nyingi za namna hii huvuja kwa sababu aliyetoboa alifanya haraka, tundu likawa pana au likaenda upande. Weka washa ya mpira (pete ya kuzuia maji yasivuje) ndani na nyingine nje, kaza nati kwa mkono. Ukitumia spana, plastiki hupasuka. Ndoo ikae juu ya kigoda, chini yake ndoo ya kupokea maji machafu. Beseni lako halijapoteza kazi: linafaa hapo chini.

Kipande cha sabuni kwenye kibanda kina miguu, kila mtu anajua. Badala yake tia gramu 30 za sabuni ya unga (kama vijiko viwili hadi vitatu vya chakula) katika chupa ya maji ya lita 1.5, tikisa mpaka iyeyuke, toboa mfuniko kwa msumari wa moto, ifunge kwa kamba karibu na koki. Tone moja zuri linatosha mtu mmoja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mche.

Kunawa kwenyewe: lowesha mikono, funga koki, tia sabuni, sugua kwa sekunde 20 au zaidi. Wengi husugua viganja na kusahau dole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole, na ncha za vidole ndizo zinazoingia kwenye ugali. Kusanya vidole vya mkono mmoja uvisugue kwenye kiganja cha mwingine, kisha shika dole gumba ulizungushe. Pete ivuliwe. Suuza, kung'uta, acha vikauke kwa hewa. Lile taulo moja la kufutia wateja wote liondoke pamoja na beseni.

Upande wako wa jiko, anayepokea pesa asishike chapati. Kama uko peke yako, tumia koleo la kupakulia. Kitakasa mikono cha chupa kinafaa kikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 60, lakini kwa mikono yenye mafuta au udongo hakifanyi kazi, na mayai ya minyoo hayajali alkoholi. Kwa hiyo nje ya choo weka maji na sabuni: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu moja la msumari, likaning'inizwa kwenye mti na kuvutwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga, yaani kibuyu chirizi, linatosha kabisa. Uzuri wake ni kwamba aliyetoka chooni hagusi chochote kwa mkono ila sabuni.

Mwanangu wa miaka tisa ana madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele. Anapiga mswaki asubuhi na jioni, tumejaribu mkaa na mchanga laini, hayatoki. Wenzake wanamwita mchafu. Nina mdogo wake wa miaka miwili.
*Mama, Usa River, Arusha*

Mama, mwanao si mchafu, na mkaa na mchanga uache leo. Madoa hayo hayako juu ya jino, yako ndani ya tabaka lake la nje. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kama sehemu nyingi za Bonde la Ufa, ina chemchemi na visima vyenye madini mengi ya floraidi kutokana na miamba ya volkano. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, tabaka la jino hutoka na vitundu vidogo sana, nalo baada ya kuchomoza hunyonya rangi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya baadhi ya vyanzo vya huko yanapita hapo kwa mbali. Mchanga na mkaa hula tabaka hilohilo ambalo tayari ni dhaifu, na ukiendelea utaongeza ganzi na maumivu anapokunywa cha baridi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo haisemwi vya kutosha. Wa miaka tisa, taji za meno yake, ukitoa magego ya mwisho, zimekwisha kujengeka. Kubadili maji leo hakutaondoa madoa, ingawa kutailinda mifupa yake. Wa miaka miwili ndiye wa kuwahi. Meno yake ya mbele ya ukubwani yanajengeka sasa hivi, na ya nyuma yataendelea mpaka karibu na miaka minane.

Kwa huyo mdogo, maji ya kunywa na ya kupikia uji yawe ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi (mvua ya kwanza iache ioshe paa), au ya chanzo kilichopimwa. Usidanganyike na kuchemsha: floraidi haiondoki na mvuke, kwa hiyo maji yakipungua sufuriani yanayobaki yana floraidi nyingi zaidi. Magadi unayotia kwenye maharage au makande nayo ni chanzo kikubwa kaskazini mwa Tanzania, na chai ya majani inaongeza; mtoto wa miaka miwili hana haja na chochote kati ya hivyo. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata pale maji yanapokuwa nayo mengi, sababu moja zaidi ya kunyonyesha.

Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto huko huko kwenu, linaondoa floraidi vizuri. Mifupa isiyoungua sawasawa hutia maji harufu. Iliyounguzwa kupita kiasi inapoteza uwezo wake wa kunasa. Na chujio likichoka, ladha ya maji haikwambii. Ni lazima maji yapimwe kila baada ya muda aliokwambia aliyekuuzia. Asiyekupa muda huo, usinunue kwake.

Dawa ya meno wote wawili waitumie, kwa kipimo: aliye chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele; miaka mitatu hadi sita, punje ya njegere, na ateme. Utamu wa dawa za watoto unawafanya waile, kwa hiyo umshikie mswaki wewe. Kwa mkubwa, daktari wa meno anaweza kuondoa tabaka jembamba sana kwa dawa maalumu au kufunika madoa kwa nyenzo yenye rangi ya jino. Fundi wa mtaani mwenye tupa asimguse.

Nilikuwa napaka ndimu kwapani kuondoa harufu, sasa kwapa limekuwa jeusi na linawasha. Somo yangu ananiambia nitumie shabu, na kwamba shabu hiyohiyo inafaa kwa usafi wa ndani wa mwanamke. Ni kweli?
*Binti, Tanga*

Nusu ya kwanza ni kweli, dada. Jasho lenyewe halinuki. Harufu inaletwa na bakteria wa kwapani wanapolivunja. Ndimu inachoma ngozi, na ikipigwa na jua maji yake yanaunguza na kuacha weusi wa wiki au miezi. Magadi au baking soda vinachubua kwa njia nyingine. Acha vyote, osha kwa sabuni isiyo kali, pangusa mpaka pakauke kabisa, na kwa wiki mbili usinyoe hapo.

Ngozi ikitulia, shabu ni chaguo zuri na la bei nafuu: lowesha jiwe, pitisha kwapani mara chache, acha likauke. Ni chumvi ya alumini, nayo inawapunguza bakteria. Kila mtu awe na jiwe lake. Ukipenda kizuia jasho cha dukani, kipake usiku kwenye ngozi kavu, maana usiku jasho ni kidogo na dawa inapata nafasi ya kuziba vitundu. Wanaopaka asubuhi wakiwa wametoka kuoga wanaisuuza kwa jasho. Tena angalia blauzi. Poliesta inashika harufu kuliko pamba, na mtu aliyeoga vizuri ananuka kwa sababu ya nguo. Igeuze nje ndani unapofua na unapoanika.

Nusu ya pili, somo amekosea. Uke unajisafisha. Ndani yake kuna bakteria wema wanaotunza uchachu, kwa kipimo cha pH chini ya 4.5, na uchachu huo ndio ulinzi. Shabu, sabuni, ndimu, maji ya chumvi, vyote vinauvuruga. Shabu inakausha na kubana, ngozi laini inachanika bila mtu kuona, na maambukizi yanapata mlango, VVU ikiwemo. Osha nje tu, kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma. Ute mweupe au wa kuvutika unaobadilika katika mwezi ni wa kawaida. Ute wenye shombo ya samaki, wa kijani, au wenye mwasho ni wa kumwonyesha mhudumu wa afya, wala si wa kuosha.

Vijiti vya pamba vya masikio, kila siku au mara moja kwa wiki?
*Msomaji, Mombasa*

Kamwe. Nta hutoka yenyewe. Kijiti huisukuma ndani ikashindiliwa. Futa sehemu ya nje kwa kitambaa. Sikio likiziba, tia matone mawili au matatu ya mafuta ya nazi au ya zeituni usiku kwa siku tatu hadi tano, ila si kama linatoa usaha, linauma, au liliwahi kutoboka ngoma.

Naendesha bodaboda, nashinda na viatu vya mpira msimu wa mvua. Katikati ya vidole pamechanika, panawasha na kunuka. Krimu nikipaka panapona, baada ya wiki mbili panarudi.
*Kaka wa bodaboda, Moshi*

Panarudi kwa sababu unaacha krimu siku mwasho unapokoma, wakati fangasi bado yupo. Klotrimazoli ya asilimia 1 ipakwe mara mbili kwa siku, na iendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Kabla ya kupaka, kausha katikati ya kila kidole. Hapo ndipo watu wanaruka. Beba soksi za pamba za akiba ubadilishe mchana. Uwe na jozi mbili za viatu, kila moja ipumzike siku nzima mahali penye hewa, soli ya ndani ikiwa imetolewa. Kama una kisukari, kidonda chochote cha mguu kipeleke kliniki siku hiyohiyo.

Binti yangu amerudi kutoka bweni na upele kati ya vidole na kiunoni, usiku hasinzii. Tumemwogesha kwa sabuni ya dawa mara tatu kwa siku. Shule inasema ni uchafu wa nyumbani.
*Mzazi, Kakamega*

Uchafu haupo kwenye habari hii. Upele huu unaletwa na mdudu mdogo anayechimba ngozini, na anahama kwa ngozi kugusana kwa muda: kulala pamoja, kushikana mikono. Anayeoga mara tatu anaupata sawa na asiyeoga, na sabuni haimfikii mdudu aliye ndani ya ngozi. Inamkausha binti tu, mwasho unazidi. Kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huanza wiki nne hadi sita baada ya kuambukizwa, kwa hiyo wakati anaanza kujikuna, huenda wenzake wa kitanda cha jirani tayari wanao.

Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, usiku, kwenye ngozi kavu iliyopoa. Kati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa, kitovuni, kwenye makalio, sehemu za siri kwa nje: pakisahaulika hata mahali pamoja, mdudu anabaki. Iachwe saa 8 hadi 14. Akinawa mikono, apakwe tena mikononi. Rudia baada ya siku saba. Losheni ya BBE (benzyl benzoate) ya asilimia 25 ni rahisi zaidi kwa bei lakini inawasha ngozi, na kwa watoto lazima ichanganywe na maji. Kipimo akupe mfamasia.

Kila anayelala nyumbani humo apakwe usiku huohuo, hata asiyejikuna. Asubuhi yake fua shuka na nguo za siku tatu zilizopita kwa maji ya moto, anika juani. Blanketi na kitu kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki. Mdudu haishi zaidi ya siku mbili tatu akiwa mbali na ngozi ya mtu.

Mwasho utaendelea wiki mbili hadi nne baada ya dawa kufanya kazi, usimpake tena na tena. Krimu mchanganyiko za dukani zenye steroidi zinatuliza mwasho huku mdudu akizaliana. Vidonda vikitoa usaha, au uso ukivimba na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, mpeleke hospitali bila kungoja, maana bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kudhuru figo. Na umpigie matroni: bweni zima litibiwe usiku mmoja, la sivyo binti atarudi na upele uleule likizo ijayo.