Je, nimwambie mnunuzi kwa nini ninaiuza pikipiki yangu?

Shangazi mpendwa,

Miaka mitatu iliyopita nilinunua Triumph Bonneville T100 mpya, ile pikipiki ya Kiingereza yenye sura ya zamani, kwa sababu niliipenda kwa macho tangu siku ya kwanza. Hadi leo haijatembea kilomita 3,000. Katika mwaka wa kwanza nilisimama kwenye makutano ya barabara, mguu ukateleza, pikipiki ikalala chini. Sikuumia, lakini mkono wa klachi ulipinda, kioo cha pembeni kikavunjika, na silensa ya kushoto, yaani bomba la moshi, ikakwaruzika. Mkono na kioo nilibadilisha. Tangu siku hiyo ninaiogopa, ingawa sijamwambia mtu. Sasa nataka kuiuza, na rafiki yangu ananishauri niseme kwamba ninahamia nchi nyingine, nisitaje kuanguka, tena niitangaze kama pikipiki ya kale ya Uingereza ili bei ipande. Wameshakuja wanunuzi wawili. Waliponiuliza kwa nini ninauza nilibabaika, nao wakaenda zao. Nifanyeje?

Aliyekwama

Mwanangu,

Wanunuzi wale wawili hawakuikataa pikipiki yako. Walikikataa kimya chako. Mtu anayenunua chombo kilichokwisha kutumika huogopa asichokiona, na swali la “kwa nini unauza” huliuliza kabla hajainama kutazama injini, kwa kuwa ndilo litakalomwambia atazame wapi. Akimwona mwenye chombo safi, kilichotembea kidogo hivyo, anababaika, atawaza mambo mabaya kuliko ukweli wako: pengine hati si zake, pengine kuna deni, pengine injini ina ugonjwa unaojitokeza ikishapata moto. Mpe basi jibu la kweli, ambalo kwa bahati nzuri ni fupi: “Niliipenda, nikainunua, nikaona ni nzito kwangu na siifurahii barabarani, ndiyo maana imetembea kidogo.” Jibu hilo linaeleza pia idadi ndogo ya kilomita, jambo ambalo hadithi ya kuhama haiwezi kulieleza. Tena hadithi hiyo itakulazimu kutunga nyingine, maana utaulizwa unahamia wapi, lini, na kwa nini pikipiki imesimama miaka yote hiyo, na wahenga walishatuambia kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Kuhusu hofu yako, nakuomba usiione kuwa fedheha. Bonneville ikiwa na mafuta ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na uzito huo hausikiki sana inapokwenda. Husikika inaposimama, hasa barabara ikiwa imeinama au ina mchanga, kwa kuwa ikishapita kiasi fulani cha kulala hakuna mguu wa binadamu utakaoizuia. Waendeshaji wazoefu nao wameangusha pikipiki wakiwa wamesimama. Ungeniandikia kwamba unataka kubaki nayo, ningekushauri umtafute mwalimu akufundishe upya mwendo wa polepole, kugeuza na kusimama. Lakini umeniambia unataka kuiuza, nami nakuamini. Hakuna anayedaiwa ushujaa na pikipiki.

Sasa hilo la kuanguka. Litaje, tena ulitaje wewe kwanza, kabla mnunuzi hajauona mkwaruzo wa silensa. Mtu anayezijua pikipiki hizi atauona kwa vyovyote vile, na atagundua kwamba mkono wa klachi ni mpya kuliko ule wa breki. Akigundua mwenyewe, hataishia kwenye mkwaruzo; ataanza kushuku fremu, foki za mbele zinazoshika gurudumu, na kila neno ulilomwambia. Ukimwambia wewe, jambo linabaki na ukubwa wake wa kweli, yaani pikipiki iliyolala ubavu ikiwa imesimama. Kabla ya kuitangaza tena, ipeleke kwa fundi unayemwamini, akague kama usukani haujapinda, kama kigingi kinachozuia usukani usipite kiasi hakijaumia, na kama kifuniko cha injini upande wa kushoto hakina ufa wala hakivuji oili, kisha akuandikie alichokiona. Kama bado unao ule mkono wa klachi uliopinda, usiutupe. Uweke mezani pamoja na karatasi ya fundi, mnunuzi aushike na kupima mwenyewe jinsi ajali ilivyokuwa ndogo.

Ushauri wa tatu wa rafiki yako ndio ulionisikitisha zaidi, kwa sababu unaitukana pikipiki yenyewe. Bonneville ya kwanza ilitoka mwaka 1959, ikapewa jina la uwanda wa chumvi ulioko Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 chombo chenye injini ya Triumph kilipita kasi ya kilomita 340 kwa saa. Kiwanda cha Meriden, Uingereza, kilichozitengeneza zile za kale kilifungwa mwaka 1983. John Bloor, tajiri wa ujenzi wa nyumba, akalinunua jina la Triumph, akajenga kiwanda kipya katika mji wa Hinckley, huko huko Uingereza, na Bonneville ikarudi sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ya kwako ni ya kizazi kilichoanza mwaka 2016: ina injini ya sentimita za ujazo 900 inayopozwa kwa maji, ingawa mapezi ya kupozea kwa hewa yameachwa pale kwa ajili ya sura, na rejeta imefichwa katikati ya mabomba ya fremu. Hata vile vinavyoonekana kama kabureta si kabureta, bali ni mfumo wa kompyuta wa kuingiza mafuta uliovishwa umbo la zamani. Anayetafuta pikipiki ya kale atainama, atavitazama, na ndani ya dakika moja atajua kwamba tangazo lako ni la uongo. Aliye mteja wako hasa ni mwingine: anataka sura ile ile ya zamani lakini iwake kwa kidole, iwe na breki zisizofunga tairi, na isimwage oili kwenye sakafu ya gereji yake. Mwandikie huyo. Taja mwaka wa kutengenezwa, kilomita zilizomo, na neno “ya kisasa” lisikutie haya.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, nalo ni hili la kudhani kwamba pikipiki iliyotembea kidogo ni nzima kwa sababu hiyo tu. Mashine huchakaa kwa kusimama pia. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando kama gundi, na tangi la chuma lililoachwa karibu tupu hupata kutu kwa ndani. Betri hujiishia yenyewe taratibu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki haijatoka ndani. Triumph yenyewe inataka sevisi kila kilomita 16,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia, na kwako wewe ni mwaka uliotangulia, mara tatu. Kama sevisi hizo hazikufanyika, usimwambie mnunuzi kwamba haikuhitaji. Fanya sasa sevisi kamili, badilisha oili na chujio lake, mafuta ya breki na betri ikiwa imechoka, halafu hifadhi risiti. Tazama na tairi: ubavuni utaona tarakimu nne za mwisho za namba yake, mbili za kwanza zikiwa juma na mbili za mwisho zikiwa mwaka, kwa hiyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado raba yake ikawa imekauka, na mnunuzi makini ataisoma namba hiyo kabla ya kusoma bei yako.

Siku anapokuja, usiiwashe kabla hajafika. Mjuzi ataweka kiganja karibu na injini kuona kama ni baridi, kwa sababu injini iliyotangulia kupashwa moto huficha shida ya kuwaka, na itakuwa huzuni utiliwe shaka kwa jambo ulilolifanya kwa nia njema.

Bei usiipange kwa kumbukumbu ya ulicholipa dukani. Tazama pikipiki za mwaka huo huo na kilomita zinazokaribiana zinauzwaje pale ulipo, punguza kidogo kwa ajili ya silensa, kisha simama hapo kwa utulivu. Kama uliongeza mapambo, gharama yake haitarudi yote. Vifaa vya asili ulivyovivua vitakusaidia zaidi ukivitoa pamoja na pikipiki.

Anayetaka kuijaribu barabarani akuonyeshe leseni yake kwanza, nawe uhakikishe kuwa bima inamhusu, tena aache kwako kitu chenye thamani ya kutosha ili usilale macho. Pesa uzione kwenye akaunti yako kwa kuuliza benki, si kwa picha ya ujumbe kwenye simu ya mtu. Zikishaingia, wekeni sahihi nyote wawili kwenye hati ya mauziano, mkabidhi funguo zote mbili, kwa maana zina chipu na ya ziada ni ghali kuitengeneza, pamoja na kitabu cha sevisi na risiti. Siku hiyo hiyo peleka taarifa ya kubadilisha umiliki, kwa sababu jina lako likiendelea kubaki kwenye kumbukumbu, kosa lolote litakalofanywa na pikipiki hiyo litakutafuta wewe.

Na ikiwa mnunuzi ni mgeni wa pikipiki kubwa, mwombe kabla ya kulipa aisukume uani injini ikiwa imezimwa, aigeuze, aisimamishe na kuishusha kwenye stendi yake akiwa peke yake. Akisita, mwache arudi nyumbani akafikiri kwanza.

Shangazi