Picha za Webb hazichorwi: nimewahi kuzitengeneza kutoka mafaili ghafi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama picha za James Webb, ile darubini iliyoko angani, zinapakwa rangi ili zivutie tu. Pili, kama Mlipuko Mkuu (Big Bang), ule mwanzo wa ulimwengu, kweli ulitokea, ulitokea wapi. Nakujibu kwa nilichokifanya mwenyewe, maana kazi yangu ni kusafisha picha za harusi, na rangi ndizo zinazonilisha.

Julai 2022, zilipotoka picha za kwanza za Webb, ile ya nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi na vumbi angani, ilininyima usingizi. Nilikuwa na shaka kama yako. Nikaja kujua kwamba data zenyewe zimewekwa wazi kwenye hazina ya taasisi inayoendesha darubini hiyo kule Baltimore, Marekani, na yeyote anaruhusiwa kuzishusha bure. Nikanunua bando la usiku, nikaiacha kompyuta ishushe mpaka alfajiri.

Faili la kwanza kulifungua: jeusi tii. Vinukta vichache vyeupe, basi. Nikadhani limeharibika njiani. Kumbe kihisi cha darubini kinaandika mwanga kwa namba, na tofauti kati ya nyota kali na vumbi hafifu ni kubwa mno, kioo cha kompyuta hakiwezi kuvionyesha vyote kwa mara moja. Nikaanza kuinua sehemu za giza kidogo kidogo, na ile milima ya vumbi ikajitokeza mbele yangu. Mikono ilinitetemeka. Sikuwa nimeongeza kitu, ilikuwemo humo muda wote.

Sasa rangi. Kila faili ni la rangi moja, weusi na weupe, kwa sababu limepigwa kupitia kichujio kinachopitisha kipande kimoja tu cha mawimbi ya mwanga. Carina ilipigwa kwa vichujio sita, kuanzia mikromita (sehemu ya milioni ya mita) 0.9 hadi 4.7 hivi, wakati jicho la binadamu linaishia karibu na 0.7. Kwa hiyo hakuna rangi halisi iliyofichwa, mwanga wote ule jicho letu halioni kabisa. Unachofanya ni kuupanga kwa utaratibu: mawimbi mafupi unayapa bluu, ya kati kijani, marefu nyekundu. Ni kama mwalimu wa kwaya anapoona wimbo uko juu kuliko koo za waimbaji. Anaushusha wote kwa kiwango kilekile, kila noti na mwenzake, na msikilizaji anautambua wimbo uleule.

Kusafisha kupo, sikufichi. Vitovu vya nyota kali kwenye mafaili yangu vilikuwa vyeusi kama vimetobolewa, kwa sababu kihisi kilizidiwa na mwanga, na mafundi huviziba. Mimi pia naondoa mng'ao wa flashi kwenye paji la uso la bwana harusi, lakini siongezi mgeni ambaye hakuja.

Na kuutazama ulimwengu kwa mwanga usioonekana hakukuanza na Webb. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha siku ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Mpaka leo wanasayansi wa dunia nzima wanalitaja jina hilo la Kiswahili.

Sasa kwa nini Webb imejengwa kwa infraredi, yaani mwanga usioonekana wenye mawimbi marefu kuliko ya nyekundu? Hapo ndipo maswali yako mawili yanapokutana. Vumbi ni sababu moja, infraredi inapenya pale mwanga wa kawaida unapokwama. Sababu kubwa zaidi ni kwamba anga lenyewe linatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake unavutwa pamoja nalo, mawimbi yake yakirefuka. Kuna galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, inaitwa JADES-GS-z14-0, ilitangazwa 2024. Tunaiona kama ilivyokuwa ulimwengu ukiwa haujafikisha miaka milioni 300, na sasa una kama bilioni 13.8. Mwanga wake uliondoka ukiwa urujuanimno, wenye mawimbi mafupi kuliko jicho linavyoweza kuona, ukatufikia ukiwa infraredi, umevutwa kama mara 15. Usipoutafsiri kwa rangi, hutauona kamwe.

Rudi nyuma zaidi, ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000, ulikuwa gesi ya moto iliyong'aa kila mahali. Mng'ao ule bado upo, umevutwa kama mara 1,100 hadi umekuwa mawimbi ya redio. Wanasayansi wawili, Penzias na Wilson, waliunasa New Jersey, Marekani, mwaka 1964 kama mvumo kwenye antena yao, wakidhani ni hitilafu. Waliondoa hata kinyesi cha njiwa waliokuwa wamejenga humo, mvumo haukuisha, na ulitoka kila upande wa anga kwa nguvu ileile.

Hilo la kila upande ndilo jibu la swali lako la pili. Lingekuwa bomu lililolipuka mahali fulani, mabaki yake yangekuwa na upande yanakotokea. Lakini anga lote lilikuwa moto kwa pamoja, pamoja na hapo ulipokaa ukisoma. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na TV ya chogo, na stesheni zikifungwa usiku zinabaki zile chenga. Mzee alikuwa akinituma nje nikageuze antena. Sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa ni mng'ao huohuo, na nilikuwa nauona sebuleni kwetu.