Jibu: Hita ya jua Njombe, LUKU bado inaisha haraka

Mkuu, salama. Umesema umefunga hita ya jua ya lita 150, lakini asubuhi maji ni vuguvugu na uniti za umeme kwenye LUKU zinaisha kama zamani. Mimi pia niko nyanda za juu, na yalinikuta hayo hayo.

Anza na koili ya umeme iliyo ndani ya tangi. Ikiachwa imewashwa, huyarudishia maji joto usiku kucha, na jua likichomoza halina kazi. Kupandisha lita 150 kutoka nyuzi 15 hadi 45 kunakula uniti 5 hivi. Izime kwenye swichi yake siku tatu za jua, upime maji saa 11 jioni na saa 12 asubuhi.

Jioni yakiwa vuguvugu, panda juu ya paa. Huku kusini mwa ikweta vioo vya hita vinavyopokea jua vinapaswa kutazama kaskazini. Vyangu fundi alivielekeza kusini kwa sababu paa lilikuwa rahisi upande huo. Nimeteseka Juni na Julai nzima! Tulipovigeuza, tofauti niliiona wiki ile ile.

Jioni yakiwa ya moto na asubuhi yamepoa, joto linavuja usiku. Kagua bomba la kuja bafuni. Likiwa refu na halijafungwa sponji, lifunge kwanza, ni gharama ndogo. Koili iwekee taima (swichi inayojiwasha na kujizima kwa saa), iwake kwa muda wa saa moja tu alfajiri siku za mawingu.

Tupe vipimo vyako hapa. Maji yako ni ya kisima? Chumvi huganda kwenye koili.